Kula Amekula, Damu Iko Wapi?

Mwanamke wa Magomeni au Chikongola, mjini Mtwara, anakula kisamvu siku nne kwa wiki. Dagaa wapo, kunde zipo, lakini akipimwa kliniki damu inasoma 9. Anaambiwa aongeze mboga za majani. Anaongeza. Mwezi unaofuata inasoma 9 ileile, na jirani anamwambia pengine ndivyo mwili wake ulivyo.

Sivyo. Ushauri aliopewa ni wa kweli, ila umeishia njiani. Mboga ina madini ya chuma, lakini chuma kikishapita mdomoni hakijafika kwenye damu. Katikati kuna utumbo, na utumbo una masharti yake. Anayekula nyama kila siku masharti hayo hayamsumbui sana. Anayenunua unga kwa kibaba na mafuta kwa kipimo, ndiyo yanayoamua damu yake itasoma ngapi.

Hiyo "damu 9" ni gramu 9 za himoglobini, ule wekundu unaobeba hewa, katika desilita moja ya damu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afikie 12. Mjamzito 11, na katika miezi mitatu ya katikati 10.5 inatosha. Mjamzito akiwa chini ya 7 ni mgonjwa wa hospitali, si wa ushauri wa mboga. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 42. Ni kushuka kwa mwendo wa kobe.

Hesabu ya chuma

Hedhi ya kawaida hutoa damu mililita 30 hadi 40 kwa mwezi. Kila mililita imebeba chuma takriban nusu miligramu. Tuchukue mililita 40: zimeondoka na miligramu 20. Gawa kwa siku 30, unapata kama 0.7 kwa siku. Ongeza 0.8 ambazo mwili hupoteza kila siku bila kelele, kwa ngozi inayobanduka na utando wa utumbo unaojibadilisha. Jumla ni miligramu 1.5.

Inaonekana ndogo. Lakini hicho ni kiasi kinachotakiwa kiingie kwenye damu, si kiasi cha kula. Katika mlo wa mimea mitupu, utumbo huchukua asilimia 5 hadi 10 tu ya chuma kilichomo. Ukichukua asilimia 10, mwanamke anahitaji kula miligramu 15 kwa siku. Ukichukua asilimia 5, anahitaji 30. Kikombe kilichojaa kunde zilizopikwa kina miligramu 4 na kidogo, kwa hiyo 30 ni vikombe saba. Hakuna anayekula vikombe saba vya kunde kwa siku, hata akiwa na hela.

Hapo ndipo "ongeza mboga" inapokwama. Kupandisha kinachofyonzwa kutoka asilimia 5 hadi 10 ni sawa na kula mara mbili bila kununua chakula cha pili. Kwa nyumba yenye hela kidogo, kazi kubwa iko kwenye asilimia, si kwenye wingi.

Kinachoishusha asilimia hiyo zaidi ni chai ya rangi. Tanini zake hushikamana na chuma cha mimea ndani ya utumbo, kikatoka kama kilivyoingia. Kahawa hufanya vivyo hivyo. Hapa watu hukosea kwa kupiga marufuku chai yote. Chai ya asubuhi na muhogo wa kuchemsha haina hasara kubwa, kwa sababu muhogo wenyewe una chuma kidogo cha kupoteza. Chai yenye hasara ni ile inayofuata sahani ya kunde au kisamvu, ile ambayo mama lishe humaliza nayo chakula cha mchana akiwa bado ameshika sufuria. Isogezwe saa moja au mbili mbele, basi. Mwezi wa Ramadhani jambo hili hukaza zaidi, maana futari, chai na kidonge cha damu hukutana mezani ndani ya nusu saa. Kidonge kisubiri wakati wa kulala, kimezwe kwa maji.

Kinachoipandisha ni vitamini C, kwa sharti moja: iwe katika mlo uleule. Chungwa la saa kumi haliwezi kuokoa kunde za saa saba. Kiasi cha kulenga ni miligramu 25 hadi 50. Ndimu moja, ambayo wengi huikamulia mchuzi wakiamini wamemaliza kazi, ina kama 13 tu, na ikikamuliwa sufuria ikiwa bado inachemka nyingine inaharibika. Zikamuliwe mbili, kwenye sahani. Kipande cha papai cha gramu 100 kina kama 60. Pera moja la wastani hupita 100.

Na kuna bibo. Gramu 100 za bibo bichi zina vitamini C kama miligramu 200, mara nne ya chungwa, na kuanzia Oktoba hadi Desemba mikoa ya Mtwara na Lindi imejaa mabibo yanayoozea chini ya mikorosho kwa sababu hela iko kwenye korosho. Bibo halisafiri: likishachubuka, siku moja tu limechacha. Tena lina ukakasi, na ukakasi huo ni tanini, jamaa wa zile za kwenye chai. Kwa hiyo bibo hutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine, ingawa vitamini C yake ni nyingi kiasi cha kushinda mara nyingi. Ukakasi hupungua ukitengeneza juisi na kuichanganya na uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kama gramu 5 za wanga kwa lita moja ya juisi. Iache itulie: tanini hushikana na kuzama chini, nawe unamimina maji ya juu. Likipikwa kuwa gongo, vitamini C hubaki yote kwenye pipa, haipandi na mvuke. Korosho zenyewe zina chuma kama miligramu 2 na zinki kama 1.7 katika kiganja cha gramu 30, lakini anayezibangua kwa ujira si lazima awe na uwezo wa kuzinunua.

Msaidizi wa pili ni samaki. Nyama ya samaki ina chuma kinachofyonzwa kirahisi, na juu ya hapo huamsha chuma cha kunde au mboga zilizo kwenye sahani moja nayo. Samaki ndiye anayeleta pia vitamini B12, ambayo mmea hauna kabisa. Shida yake Mtwara si kupatikana, ni kugawanywa. Kipande hupelekwa kwa baba, kingine kwa watoto, na mpishi anabaki na mchuzi. Dawa ya jambo hili ni kinu kuliko maneno: dagaa wakavu waoshwe haraka kuondoa mchanga, waanikwe, wakaangwe bila mafuta, watwangwe pamoja na vichwa na miiba, kisha unga huo ukorogwe kwenye sufuria ya kunde nzima, kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji. Hapo hakuna anayeweza kuchagua kipande. Miiba iliyotwangwa inaleta kalsiamu, na kwa nyumba isiyonunua maziwa hilo si dogo.

Neno moja kuhusu juisi nyekundu. Choya, yaani rozela, na soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa: hizi hupendekezwa kwa wajawazito kila mtaa kwa sababu ya rangi yake. Rangi nyekundu haitengenezi damu. Maziwa yenyewe, kwa kalsiamu yake, huzuia chuma cha mlo ule, na soda ni sukari. Udongo wa kula ni kinyume kabisa, maana hushika chuma tumboni. Tena hamu ya udongo au mchele mbichi mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimeshapungua, hivyo mjamzito anayeutafuna apimwe damu badala ya kugombezwa.

Muhogo na sumu yake

Mjini unga wa muhogo unanunuliwa sokoni bila kujua ulitokana na muhogo mtamu au mchungu, wala uliandaliwa kwa siku ngapi. Swali hilo ni la lishe, si la ladha tu. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sianidi. Makopa yaliyolowekwa siku tatu hadi nne kabla ya kuanikwa huwa yamepoteza sehemu kubwa ya sumu hiyo. Unga wa haraka, ule wa chinyanya unaotwangwa na kuanikwa ndani ya muda mfupi wakati chakula kimepungua, hubaki nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata mlipuko wa konzo, ugonjwa wa ghafla wa kupooza miguu usiopona, unaoletwa na sianidi ya muhogo usioandaliwa vizuri kwa mtu asiyepata protini ya kutosha. Konzo huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa.

Mwili husafisha sianidi kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini. Dagaa na samaki wana salfa hiyo kwa wingi, na ufuta, ambao Lindi unalimwa sana, unayo pia. Kunde na mbaazi ni hafifu kwa upande huu. Ndiyo maana ugali wa muhogo kwa kisamvu peke yake, mlo wa siku za ukata, ni mlo wa hatari kuliko unavyoonekana.

Unga wenye mashaka unasafishika nyumbani, bila kifaa. Tia unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ndani ya bakuli ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye sinia au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Maji huamsha kimeng'enya cha muhogo wenyewe, sumu inageuka hewa na kuondoka. Songa ugali siku ileile, kwani unga uliolowa haukai. Makosa ni mawili: kuutandaza mnene, hewa ikabaki chini, au kufunika kwa kuogopa vumbi. Kama vumbi ni tatizo, tumia kivuli chenye upepo na saa tano.

Kisamvu nacho kina sumu hiyohiyo. Kitwangwe vizuri kabla ya kuchemshwa, kwa sababu kutwanga ndiko kunakoifungua, kisha kichemke bila mfuniko kwa dakika 15 au 20 za kwanza. Magadi yanayotiwa ili kilainike haraka huua vitamini C na B1. Afadhali kuni au mkaa wa dakika kumi zaidi. Vitamini C ya kisamvu haitabaki hata bila magadi, lakini chuma na ile rangi inayogeuka vitamini A hubaki, na ndiyo sababu ndimu na papai vinakaa mezani. Tui la nazi halimo kwa ajili ya utamu tu: vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na kijiko kimoja au viwili vya tui zito kwa mlaji vinatosha.

Kuhusu vitamini A kuna jambo moja zaidi. Mjamzito anayeanza kujikwaa jioni wakati wengine bado wanaona aende kituo cha afya, asisubiri kujifungua. Maini ndiyo yanayoongoza kwa vitamini hii, kiasi kwamba gramu 100 za maini ya ng'ombe hupita kiwango cha juu cha mikrogramu 3,000 ambacho mjamzito hapaswi kukipita kwa siku. Kipande cha ukubwa wa kiberiti mara moja kwa wiki kinatosha, na katika miezi mitatu ya mwanzo ni bora kuyaacha.

Chumvi ya jirani

"Sisi wa pwani madini joto tunayo baharini." Usemi huu ni nusu kweli. Samaki wa baharini wana madini joto, lakini kijiko cha dagaa hakifikishi mikrogramu 150 za kila siku, wala 250 za mjamzito. Chumvi ya bahari yenyewe, ile ya mawe inayovunwa mashambani mwa pwani hiyohiyo, karibu haina kitu mpaka iongezewe. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo inatoa mikrogramu 150 katika kijiko kimoja cha chai cha gramu 5, ambacho ndicho kikomo cha chumvi kinachoshauriwa kwa siku. Mjamzito hatakifikia kiwango chake kwa chumvi tu, kwa hiyo samaki bado anahitajika. Mla muhogo ana sababu ya ziada: sianidi ikisafishwa mwilini huacha kemikali inayoshindana na madini joto kwenye tezi ya shingo. Rovu huanza hapo, na mtoto tumboni ndiye anayeumia zaidi, kwa upande wa akili.

Nunua iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto, si ya kupimwa kutoka kiroba kilicho wazi. Iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Mafuta ya kula ni hivyohivyo: tangu 2011 kanuni zinataka mafuta, unga wa ngano na unga wa mahindi wa viwandani viongezwe virutubishi, lakini mafuta ya kupimwa yaliyokaa juani kwenye chupa nyeupe huwa yameshapoteza vitamini A nyingi. Unga wa kusaga mtaani na unga wa muhogo kwa kawaida hauongezewi kitu. Nyumba maskini zaidi ndiyo inayokula hasa vile ambavyo kanuni haijavifikia.

Pale inapovuja

Sahani ikishanyooka na damu haijapanda, tafuta inapotokea. Minyoo ya safura aina iliyoenea zaidi hunyonya kila mmoja kama mililita 0.03 za damu kwa siku. Minyoo mia moja ni mililita 3, yaani kama miligramu 1.5 za chuma. Hata tukitoa sehemu inayofyonzwa tena utumboni, minyoo imekula sehemu kubwa ya mgao tuliouhesabu juu. Albendazole miligramu 400 dozi moja, au mebendazole 500, huitoa au kuipunguza. Mjamzito hupewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kichocho kipo kusini pia, na mkojo wenye damu usichukuliwe kuwa hedhi iliyochelewa. Malaria huvunja chembe za damu zenyewe, hivyo chandarua ni sehemu ya lishe kuliko watu wanavyodhani.

Hedhi ya kubadilisha pedi kila saa au mbili, yenye mabonge makubwa, au inayopita siku saba, hiyo si ya kawaida na hakuna mboga itakayoifikia. Kitanzi cha shaba huongeza damu ya hedhi kwa baadhi ya wanawake. Mwenye kitanzi na upungufu wa damu aulize njia nyingine, asikitoe kimyakimya akabaki bila chochote, maana mimba moja hugharimu chuma kama gramu nzima.

Na kuna asidi ya foliki, vitamini inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto ufunge vizuri. Hii hutatizwa na kalenda. Uti huo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama wana mimba. Anayetarajia kupata ujauzito aanze mikrogramu 400 kwa siku kabla.

Vidonge

Kidonge cha kliniki kina chuma miligramu 60 pamoja na foliki, kimoja kwa siku kwa ujauzito wote. Wengi huacha wiki ya pili: kichefuchefu, choo kigumu, choo cheusi. Weusi ni chuma ambacho hakikufyonzwa, hauna madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku baada ya chakula chepesi. Kisimezwe na chai, maziwa wala dawa za kiungulia. Asiye mjamzito aliyeambiwa ana upungufu asikome siku kipimo kinaposoma 12, bali aendelee miezi mitatu zaidi, kwa sababu damu hujaa kabla ya akiba. Mwenye selimundu asimeze bila daktari.

Kidonge cha foliki cha miligramu 5 kinachouzwa dukani kisichanganywe na kile cha kliniki bila kuuliza: dozi hiyo kubwa hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kuzuia malaria anayopewa mjamzito. Watu hudhani kingi ni bora.

Vidonge hivi ni vyekundu, vina sukari juu, na mtoto wa miaka miwili huviona peremende. Viwekwe juu, pakiti ifungwe. Mtoto akimeza vichache, atatapika na pengine kuharisha, kisha baada ya saa chache atachangamka na kuomba chakula. Asiachwe nyumbani kwa kuonekana amepona. Utulivu huo huja kabla ya ini kuanza kuharibika. Apelekwe hospitali saa ileile, na pakiti iende naye ili wajue vimebaki vingapi.